Soketi Yafanya Kazi, Lakini Je, Ni Salama?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia moja hapa Eldoret. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)



Akina mama, wazee, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja. Wengine mmetoka Moiben, wengine Burnt Forest, na najua asubuhi matatu hazijazi haraka. Basi sitawachosha.

Mimi si fundi wa stima. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na mara nyingi mnaniona na vitabu vya hesabu chini ya kwapa. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza, huyu anatuambia nini juu ya soketi? Nitawaeleza. Ni kwa sababu ya kikaratasi kimoja nilichokisoma nisikielewe.

Kuna kikundi cha akina mama, jina nitaliacha, waliweka akiba mpaka wakanunua mashine ya kuangulia vifaranga. Wakaiweka katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Siku moja nilikwenda kukagua vitabu. Nikaona juu ya ile mashine wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: VAA VIATU KABLA YA KUGUSA. Nikauliza maana yake. Mama mmoja akanijibu, "Mwalimu, hii mashine yetu huuma kidogo ukiwa miguu mitupu. Ukivaa patipati haina shida." Tukacheka sote. Nami nilicheka. Halafu tukaketi, tukahesabu pesa, nikaweka sahihi, nikaenda zangu.

Baada ya wiki mbili hivi, mweka hazina wao alikuwa anapiga deki chumba kile. Sakafu imelowa, miguu imelowa. Akafungua mlango wa mashine ageuze mayai, na mkono wa pili ukaegemea ukuta wa mabati. Hakuweza kuachilia. Binti yake alikuwa nje anafua. Anasema mama hakupiga kelele, alisikia tu kitu kama mtu anayekoroma. Yule msichana hakumkimbilia mama yake. Alikimbilia swichi kubwa, akazima. Ndiyo maana leo mama huyo yuko hai, na ana kovu katikati ya kiganja cha kulia.

Na hamtaamini yaliyofuata. Jioni ile ile kukawa na mkutano. Mayai yalikuwa na siku 16, na nyote mnajua kifaranga hutoka siku ya 21. Pesa ya kikundi iko ndani ya yale mayai. Kuna waliosema mashine iwashwe tena, siku tano tu, mtu awe anafungua mlango kwa fimbo kavu. Siwalaumu. Mtu akiwa amekopa ili atoe mchango wake, anaona hasara kwanza, hatari baadaye. Tulibishana mpaka usiku. Mwishowe mayai machache yakawekwa chini ya kuku wa majirani waliokuwa wanaatamia, mengine yakatupwa.

Sasa kitu kinachonisumbua ni kwamba akina mama wale walikuwa wameshagundua hitilafu. Waliigundua wenyewe, wakaiandika, wakaibandika ukutani. Mimi niliyesoma shule nikaisoma kama mzaha. Hii ndiyo sababu nimeomba nafasi ya leo. Baada ya jambo lile nilimwomba fundi mmoja mwenye leseni anifundishe, na nimeshinda naye siku kadhaa akikagua nyumba za wanakikundi. Haya nitakayosema mengi ni yake.

Matundu matatu

Angalieni soketi. Ina matundu matatu. Yale mawili ya chini ndiyo yanayofanya kazi mnayoiona. Ukiwa umeitazama, la kulia ni la waya wa moto, ambao unaleta stima. La kushoto ni la nyutro, ambao unairudisha. Stima ni kama mtu wa posta, lazima arudi alikotoka, asiporudi kazi haifanyiki. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, mafundi wetu huuita arthi. Huu hauwashi taa, hauchemshi maji, haupigi redio. Ukiukata leo, kila kitu nyumbani kitaendelea kama kawaida. Hapo ndipo shida ilipo! Waya ambao ukikosekana hakuna anayejua, ndio ule ambao fundi mwenye haraka hupunguzia gharama.

Kazi yake ni hii. Waya wa moto ukilegea ndani ya pasi, au maji yakiingia ndani ya mashine, stima hugusa bati la nje. Kama waya wa ardhi upo na ni mzima, stima hupata njia nyingine ya kwenda, breka hujizima, na wewe unashangaa tu kwa nini mashine imekufa. Kama haupo, lile bati linakaa na stima likisubiri. Linasubiri mtu mwenye miguu iliyolowa.

Yule fundi alipofungua soketi ya chumba cha vifaranga, swichi kubwa ikiwa imezimwa, alituita tuone. Mahali pa kufungia nyaya ni patatu, nyaya zilizofungwa ni mbili. Soketi ile iliongezwa baadaye. Nyumba yenyewe ilikaguliwa vizuri ilipoletewa stima, na cheti kipo kwenye faili. Lakini kikundi kilipohitaji soketi ya ziada, kijana mmoja wa hapo hapo, mtoto wa mtu tunayemheshimu, alivuta waya wa nyuzi mbili kutoka kwenye taa. Ukiangalia risiti, waliokoa shilingi mia chache. Kijana si mtu mbaya. Hakufundishwa, wala hakuna mtu aliyemwuliza leseni, kwa sababu utamwulizaje mtoto wa mzee leseni mbele ya baba yake?

Hapo nataka tuseme ukweli. Stima imeingia vijijini kwa nguvu, hasa tangu 2015, serikali ilipoanzisha mpango wa Last Mile na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Ni baraka kubwa. Lakini wengi wetu tuliunganishwa na taa mbili na soketi moja, halafu tukaanza kuongeza wenyewe. Chumba cha mpangaji, jiko, banda la kuku, kibanda cha kunyoa kule Langas. Kile cheti cha kwanza kinahusu kilichokuwepo siku ile ya ukaguzi tu. Soketi ya mwaka jana haimo.

Fyuzi hailindi mtu

Mama mmoja aliniambia, "Lakini Mwalimu, mashine ilikuwa na fyuzi." Ndiyo, ilikuwa nayo, na fyuzi haikukatika. Kwa nini?

Plagi hii ya vijino vya mraba tuliachiwa na Waingereza. Waliiandikia kiwango mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili. Siku zile shaba ilikuwa haba kwao, wakapanga soketi nyingi zitumie waya mmoja unaozunguka nyumba na kurudi mahali ulipoanzia. Waya ule unabeba stima nyingi, kwa hiyo wakaona kila plagi iwe na fyuzi yake ndogo ili waya mwembamba wa kifaa usiungue. Mmesikia? Ili waya usiungue. Fyuzi inalinda waya, na breka inalinda waya. Wewe haikujui.

Hesabu yake ni rahisi. Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13. Mtu anaweza kufa kwa stima ya milliampea 30, yaani sehemu 30 za elfu ya ampea moja, ikipita kifuani na kukawia. Gawanyeni. Fyuzi ile inaruhusu zaidi ya mara 400 ya stima inayoweza kuua mtu, na inaona kila kitu ni sawa.

Hata hivyo fyuzi iwe ya kipimo chake. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 240, utapata ampea. Birika la wati 2,000 linakula zaidi kidogo ya ampea 8, hilo ni la fyuzi ya 13. Redio, televisheni, ile mashine ya vifaranga ya wati 180, hazifiki hata ampea moja, fyuzi ya 3 yatosha. Na tafadhali, karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi. Nimeikuta katika nyumba tatu. Msumari nimeukuta mara moja, na mwenye nyumba alijivunia.

Turudi kwa ardhi. Nyumba zetu nyingi hutegemea chuma kilichopigiliwa chini karibu na ukuta, waya wa ardhi umefungwa hapo. Wakati wa mvua, Aprili hadi Septemba hivi, udongo wetu umelowa na chuma kinashika vizuri. Januari udongo umekauka kama tofali. Tuseme udongo ule mkavu una ukinzani wa omu 100, yaani ugumu wa kupitisha stima. Volti 240 gawa kwa 100, ni ampea 2.4. Breka ya soketi ni ya 32. Itajuaje? Haitajizima, ingawa waya wa ardhi upo na fundi hakukosea.

Ndiyo sababu kuna kifaa kingine katika kasha la breka, mafundi wanakiita RCD. Ni kama breka lakini pana zaidi, na kina kitufe kidogo chenye herufi T. Hiki hakiangalii wingi wa stima. Kinahesabu iliyotoka na iliyorudi, kama mweka hazina mzuri. Zikitofautiana kwa milliampea 30, kinakata mara moja, kabla moyo haujapata shida. Nendeni nyumbani mwangalie kama mnacho. Kama kipo, bonyeza kile kitufe mara moja kila baada ya miezi michache. Kisipokata, kimekufa, mwite fundi. Lakini mjue kitufe hicho kinapima kifaa chenyewe tu. Hakikuambii kama waya wa ardhi umefika kwenye soketi yako.

Kutafuta mahali

Sasa tuje kwa kutafuta hitilafu. Mimi nasema hivi, na fundi wangu anakubali: kazi yetu ni kujua ni wapi, kazi ya fundi ni kufungua. Ukimwita fundi ukamwambia tu "stima inasumbua", atashinda siku nzima anabahatisha, na wewe unalipa kubahatisha kwake. Ukimwambia "soketi ya pili kutoka dirishani, na zote zinazofuata, tangu mvua ya Jumanne", anakwenda moja kwa moja.

Wenzetu wa Marakwet wana mifereji ya maji inayoteremka kutoka milimani kwenda Bonde la Kerio, mifereji ya tangu mababu. Maji yasipofika shambani, hawachimbi mfereji wote. Mtu anatembea kando yake mpaka aone mahali pa mwisho penye maji na mahali pa kwanza palipo pakavu. Kosa liko katikati ya hapo. Soketi ni vivyo hivyo.

Anza nje. Jirani ana stima? Tokeni zimeisha? Msicheke, nimemlipia fundi nauli kutoka mjini kuja kutuambia tokeni zimeisha. Ikiwa ni wewe peke yako, angalia kasha la breka. Kama breka ya soketi iko juu na taa zinawaka, chukua kifaa unachojua ni kizima, taa ndogo ya mezani inatosha, ukijaribu soketi moja baada ya nyingine. Andika. Ikiwa ni soketi moja tu imekufa, shida iko hapo. Ikiwa tatu za kwanza ni nzima na kuanzia ya nne zote zimekufa, skrubu imelegea nyuma ya ya tatu au nyuma ya ya nne, au waya umekatika kati yake. Tumeona mara nyingi ile ya mwisho iliyo nzima ndiyo yenye kosa. Watu wanaiacha kwa sababu inafanya kazi.

Ikiwa breka imejizima, chomoa kila kitu. Sisemi uzime swichi ya soketi, nasema uchomoe plagi itoke nje. Rudisha breka mara moja. Ikikataa na hakuna kitu kilichochomekwa, hitilafu iko ndani ya ukuta au dari, hapo umefika mwisho wa kazi yako. Usiirudishe mara ya pili na ya tatu, na usiifunge kwa kamba isishuke. Ikikubali, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye makosa. Mara nyingi ni pasi, au birika, au ile ekstensheni iliyopitishwa chini ya mlango ikakanyagwa miaka mitano.

Na muwe na daftari. Vikundi vyetu vina daftari za kila kitu, hata za nani alichelewa. Andikeni saa, siku, mvua ilikuwepo au la, nini kilikuwa kimewashwa. Kuna nyumba moja RCD ilikuwa inajizima kila alfajiri. Mafundi wawili walikuja mchana wakaona kila kitu ni sawa. Daftari lilionyesha ni siku za umande tu. Soketi ya nje, chini ya makuti ya banda, ilikuwa na mfuniko uliopasuka.

Macho na pua navyo ni vyombo vya kupimia. Doa la kahawia kuzunguka tundu, plastiki iliyojikunja, sauti ya ziiii ukichomeka birika, harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua. Hiyo ni skrubu iliyolegea na inapata moto. Jambo hili breka hailitambui hata kidogo, maana stima inayopita ni ile ile ya kawaida. Baada ya kupiga pasi, zima, chomoa, kisha gusa plagi kwa nyuma ya mkono mkavu. Joto kidogo ni kawaida. Ikikuchoma, soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aione.

Angalieni pia ukuta juu ya soketi. Nyaya mara nyingi hushuka wima kutoka darini. Na hapo hapo juu ya soketi, palipo pazuri pa kuonekana, ndipo tunapopenda kupigilia msumari wa picha ya Moyo Mtakatifu. Mtundikeni Bwana wetu kando kidogo. Kwenye nyumba za mabati msumari ni mbaya zaidi, kwa sababu ukipenya waya, nyumba nzima inakuwa na stima, pamoja na ule waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye kona. Mtoto akisema ukuta unamtekenya, msimwambie aache uongo.

Kuna hitilafu mbili zinazojificha, nitazitaja upesi. Ya kwanza ni ya ule waya unaozunguka. Ni kama rozari. Kamba ya kawaida yenye shanga ukiikata katikati, upande mmoja unabaki hauna kitu. Lakini rozari imefungwa duara. Ukiikata mahali pamoja, kila ushanga bado umeshikwa kutoka upande mwingine. Soketi zote zitafanya kazi, hakuna atakayejua, ila waya sasa unabeba mzigo kwa mkono mmoja badala ya miwili, nao utapata moto ukutani. Hii huwezi kuiona. Fundi anaipima kwa mita stima ikiwa imezimwa. Mwombeni aipime, kisha mwulize ameona nini.

Ya pili ni moto na nyutro kubadilishana nafasi. Kifaa kinafanya kazi vizuri. Lakini swichi ya soketi inakata njia ya kurudi badala ya njia ya kuja, kwa hiyo unadhani umezima na kumbe moto umo ndani ya kifaa. Msitegemee rangi za nyaya kuwaokoa. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ardhi. Za sasa zina kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa manjano. Nyumba nyingi zina zote mbili zimechanganywa, na fundi aliyeishiwa na rangi moja alitumia nyingine.

Maswali

Mzee mmoja aliuliza: Nina testa, ile bisibisi yenye taa. Haitoshi?

Mzee, inasaidia lakini ina uongo. Ile taa ndogo inawaka kwa stima kidogo sana inayopita mwilini mwako. Ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu kabisa inaweza isiwake, na moto upo. Kwa hiyo ikiwaka, amini. Isipowaka, usiamini. Halafu kuna siku itawaka matundu yote mawili ya chini, na watu wanasema stima imekuja nyingi. Hapana, nyutro imekatika. Stima imepita ndani ya kifaa kilichochomekwa, ikakosa njia ya kurudi, sasa inasubiri upande wa pili. Kikundi kikiweza, kinunue ile plagi ya kupimia yenye taa tatu. Unaichomeka tu bila kufungua kitu, na taa zinaonyesha kama waya wa ardhi haupo, au moto na nyutro zimebadilishana. Moja inatosha kikundi kizima, izungushwe nyumba kwa nyumba. Nayo ina mipaka. Haijui kama nyutro na ardhi ndizo zimebadilishana, wala haiwezi kusema kile chuma cha nje kinashika vizuri kiasi gani.

Mama kutoka Turbo aliuliza: Chaja yangu ina vijino viwili, huwa tunasukuma kalamu tundu la juu ndipo iingie. Ni vibaya?

Mama, nusu ya Kenya inafanya hivyo. Jino la juu la plagi ni refu kwa makusudi. Linaingia kwanza, linashika ardhi, na ndilo linalofungua vifuniko vya matundu ya chini. Vile vifuniko viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto na vijiti vyao. Kalamu inavivunja, na baadaye vinabaki wazi. Nunua adapta.

Kijana mmoja aliuliza: Tutajuaje fundi ana leseni, na tutamwulizaje bila kumkosea heshima?

Leseni za mafundi wa stima hutolewa na EPRA, na zina madaraja, si kila fundi anaruhusiwa kila kazi. Mwambieni, "Kikundi chetu kina sheria, lazima katibu aandike namba ya leseni kwenye daftari kabla ya kazi." Hapo si wewe unayeuliza, ni daftari. Fundi halali hakasiriki. Na akimaliza atoe cheti cha kazi aliyofanya, hata kama ni soketi moja. Mita na vitu vyenye lakiri ya Kenya Power msiguse, wala yeye asiguse. Taa za nyumba nyingi zikizidi mwanga ghafla au kufifia pamoja, zimeni swichi kubwa, mpige simu 97771.

Mama mmoja aliuliza: Na mtu akishikwa na stima?

Fanyeni kama yule msichana. Usimguse. Zima swichi kubwa. Kama iko mbali, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Halafu hospitali, hata akisema yuko sawa. Leo jioni kila mtoto nyumbani kwako aonyeshwe swichi kubwa iko wapi, na aifikie. Kama iko juu sana, wekeni kigoda cha mbao hapo, na kisiondolewe kwenda jikoni.

Nina jambo moja kabla ya chai. Tangu asubuhi nimekuwa nikiitazama ile soketi karibu na jukwaa, ambapo tumechomeka birika. Ina doa la kahawia upande wa kulia. Katibu, tafadhali chomoa birika, tuchemshie jikoni kwa kuni. Kisha njooni watano watano muione, na muandike.